Upana na Kina: Kupima Risasi za Bastola Zilizojazwa kwa Mkono

Risasi nzima ya bastola ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda, baruti, na kichwa kinachoruka. Nchini Marekani watu wengi hununua sehemu hizo moja moja na kuziunganisha nyumbani kwa mashine ya mkono iliyofungwa mezani. Kazi hiyo ni ya siku nyingi. Kampuni ya Lyman, iliyoanzishwa mwaka 1878, imetoa vitabu vya vipimo vya baruti kwa vizazi kadhaa, na ganda moja lililotunzwa vizuri huweza kujazwa tena mara nyingi. Wengine hujaza risasi ili kupunguza gharama, wengine kwa kutafuta shabaha nzuri zaidi, na wengine ili wachague wenyewe aina ya kichwa na kasi yake.

Kwa mlenga shabaha, tundu kwenye karatasi linatosha kuonyesha kama risasi ni nzuri. Kwa risasi iliyokusudiwa kujilinda, karatasi haisemi kitu. Hapo kuna maswali mawili: je, kichwa kitachanua kikiingia mwilini, na je, kikishachanua kitafika panapotakiwa? Maswali hayo hupingana. Kila milimita inayoongezeka kwenye upana hupunguza kina, na kila sentimita ya kina hudai kichwa kisichochanua kupita kiasi. Jaribio linalopima kimoja na kuacha kingine ni nusu ya jaribio.

Kichwa kinavyochanua

Kichwa cha risasi ya kujilinda kwa kawaida huwa na shimo kwenye ncha. Kikiingia kwenye kitu chenye majimaji, majimaji hayo hujaa shimoni na kusukuma kuta zake kuelekea nje. Koti la shaba linalokifunika kichwa huwa limetiwa mikato ya makusudi, hivyo hupasuka kwenye mikato hiyo na vipande vyake kujikunja kuelekea nyuma, pamoja na madini laini ya risasi yaliyomo ndani, kama ua linavyofungua petali zake.

Kinachofungua kichwa ni shinikizo, na shinikizo hilo hukua kwa mraba wa kasi. Kichwa kikigonga maji kwa mita 280 kwa sekunde, shinikizo kwenye ncha yake hufika karibu megapaskali 39. Kwa mita 340 kwa sekunde hufika karibu 58. Kasi imeongezeka kwa asilimia 21 tu, lakini nguvu ya kufungua kichwa imeongezeka kwa takribani asilimia 47. Ndiyo maana kichwa kilekile huweza kupita bila kufunguka kikiwa na kasi ndogo, kikachanua vizuri kwa kasi ya wastani, kisha kikapasuka vipande kwa kasi kubwa mno. Kila kichwa hutengenezwa kwa mipaka yake ya kasi, na nje ya mipaka hiyo umbo lake halina faida.

Kuchanua hubadilisha pia safari ya kichwa ndani ya mwili. Kichwa cha milimita 9 kilichotanuka hadi milimita 15 kina uso wa mbele mkubwa karibu mara 2.8 ya ule wa mwanzo. Hukutana na ukinzani mkubwa zaidi na husimama mapema. Kichwa cha mviringo kisichochanua, cha kipenyo hichohicho, huweza kupita zaidi ya sentimita 60 za jelatini ya majaribio, na kwa sababu hiyo kinaweza kumtoboa mtu na kumdhuru aliye nyuma yake. Faida ya kuchanua basi ni mbili: jeraha huwa pana zaidi, na hatari kwa wapita njia hupungua. Gharama yake ni kina.

Kutoka machinjio ya Chicago hadi Miami

Hoja ya risasi zinazotanuka ilianza kwenye bunduki za vita. Katika miaka ya 1890, kiwanda cha silaha cha Waingereza kilichokuwa Dum Dum, karibu na Calcutta, kilitengeneza risasi ambazo koti lake liliacha wazi ncha ya madini laini ya risasi. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku matumizi ya risasi zinazotanuka au kubonyea kwa urahisi mwilini katika vita baina ya nchi zilizotia saini. Mwaka 2010, mkutano uliofanyika Kampala kuupitia upya Mkataba wa Roma uliongeza marufuku hiyo kwenye mapigano ya ndani ya nchi. Makatazo hayo yanahusu vita. Polisi na raia hufuata sheria za nchi zao, na polisi wa nchi nyingi hutumia risasi zinazochanua kwa sababu ileile ya kulinda walio nyuma ya mlengwa.

Majaribio ya bastola yana asili yake. Katika vita vya Ufilipino, askari wa Marekani walilalamika kwamba bastola zao za kipenyo cha .38 hazikuwa zikimsimamisha adui. Mwaka 1904 ofisa wa jeshi John T. Thompson na daktari wa jeshi, Meja Louis A. LaGarde, walifyatulia risasi maiti za watu na ng'ombe hai kwenye machinjio ya Chicago. Walipendekeza kipenyo kisichopungua .45, na bastola ya jeshi ya mwaka 1911 ilifuata ushauri huo. Kasoro ya majaribio yao iko wazi: ng'ombe hawafanani, maiti hazifanani, na hakuna mtu mwingine aliyeweza kurudia jaribio lilelile na kulinganisha majibu.

Tukio lililobadilisha mambo lilitokea Miami tarehe 11 Aprili 1986. Maofisa wanane wa shirika la upelelezi la FBI walipambana kwa risasi na majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Mapema katika mapambano, risasi moja ya milimita 9, yenye kichwa chepesi cha gramu 7.5, ilipita kwenye mkono wa Platt, ikaingia kifuani na kuchanua kama ilivyokusudiwa, kisha ikasimama karibu na moyo bila kuufikia. Platt aliendelea kupigana. Maofisa Jerry Dove na Benjamin Grogan waliuawa na wengine watano wakajeruhiwa kabla ya majambazi hao kufa.

FBI ilikusanya wataalamu mwaka uliofuata, na hitimisho lao likawa kwamba kina ndicho sharti la kwanza. Mwili haukai wima na uso mbele kama ubao wa shabaha. Risasi huweza kupita kwanza kwenye mkono ulionyooshwa, au kuingia kwa ubavu. Kiwango kilichowekwa ni inchi 12 za jelatini kwa uchache, yaani sentimita 30, na inchi 18 kwa wingi, yaani sentimita 46. Upana ulibaki kuwa na thamani, ila baada ya kina kutimia. Watengenezaji wakaanza kusanifu vichwa kwa kuzingatia kiwango hicho.

Jelatini iliyopimwa kwanza

Aliyeipa jelatini heshima ya kisayansi ni Martin Fackler, daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani aliyewahi kutibu majeruhi Vietnam na baadaye kuongoza utafiti wa majeraha ya risasi katika taasisi ya Letterman, San Francisco. Alionyesha kwamba jelatini ya asilimia 10, ikiwa na baridi ya nyuzi 4 za Selsiasi, husimamisha risasi kwa kina kinachokaribiana na cha misuli. Alisisitiza pia jambo ambalo wengi walilipuuza: kwa kasi za bastola, uwazi mkubwa unaofunguka kwa muda mfupi na kujifunga tena hauharibu sana viungo vinavyovutika. Jeraha lenyewe ni njia iliyosagwa na kichwa kilipopita.

Utengenezaji wake hauna siri, lakini hautaki haraka. Unga wa jelatini ya daraja la maabara huchanganywa na maji kwa uzito, sehemu moja ya unga kwa sehemu tisa za maji. Maji hayapashwi moto kupita nyuzi 40, kwa kuwa joto kali hudhoofisha jelatini. Matone machache ya mafuta ya mdalasini hupunguza povu na kuzuia ukungu. Mchanganyiko humiminwa kwenye chombo, huachwa ugande, kisha hukaa kwenye jokofu hadi baridi ifike katikati. Bonge la sentimita 15 kwa 15 kwa 40 hula karibu kilo moja ya unga.

Kabla ya risasi yoyote, bonge lenyewe hupimwa. Gololi ya chuma ya milimita 4.5 hufyatuliwa kwa bunduki ya upepo kwa kasi ya mita 180 kwa sekunde. Ikipenya kati ya sentimita 7.5 na 9.5, bonge linafaa. Ikizidi hapo, jelatini ni laini mno au imepata joto, na ikipungua, ni ngumu mno. Bonge lililoshindwa halitoi matokeo ya kulinganisha na ya mtu mwingine yeyote. Bonge lililoachwa juani mchana wa kiangazi hulainika haraka, kwa hiyo hutolewa kwenye baridi wakati wa kufyatua tu.

Jelatini ya plastiki na mafuta, inayouzwa ikiwa angavu kama kioo, imependwa kwa sababu haihitaji jokofu na huweza kuyeyushwa na kutumika tena. Inapendeza kwenye picha. Lakini densiti yake ni ndogo kuliko ya maji, na humenyana na kichwa kwa namna tofauti, hivyo kina na upana vilivyopatikana humo haviwezi kuwekwa kwenye jedwali moja na vya jelatini halisi. Inafaa kulinganisha risasi mbili kwa siku moja katika bonge moja, na si zaidi ya hapo.

Nguo na vizuizi

Jelatini tupu ni jaribio rahisi kupita yote, na vichwa vingi hufaulu hapo. Shida huanza kwenye nguo. Kitambaa hukatwa na ncha ya kichwa na kusokotwa ndani ya shimo, kikaziba mahali ambapo majimaji yalipaswa kuingia. Kichwa kilichozibwa hupita kama risasi ya mviringo isiyochanua, kikatokea upande wa pili wa bonge. Kwa hiyo mjazaji aliyejaribu kwenye jelatini tupu pekee anaweza kuwa na risasi inayochanua vizuri kwa mtu asiyevaa kitu, na isiyochanua kabisa kwa mtu mwenye koti la baridi.

FBI hutumia tabaka nne za nguo nzito: fulana ya pamba, shati, kitambaa kizito cha kuzuia baridi, na jinzi. Jaribio jingine linalotumika sana ni tabaka nne za jinzi. Hilo halikukusudiwa kuiga mavazi halisi ya mtu. Ni mtihani mkali wa makusudi, wa kuonyesha kama kichwa kinachanua hata shimo lake likitishiwa kuzibwa. Watengenezaji wengine waliitikia kwa kujaza shimo kwa mpira laini ambao, ukigandamizwa, hufungua kuta hata kitambaa kikiwepo.

Orodha ya FBI ina vizuizi vingine vinne: mabati ya chuma kama ya mlango wa gari, ukuta wa jipsamu, plaiwudi, na kioo cha mbele cha gari kilichoinamishwa. Vizuizi hivyo vinawahusu zaidi polisi, ambao hufyatua kupitia magari. Kwa raia anayejilinda, jelatini tupu na jelatini yenye nguo ndiyo mitihani miwili ya lazima.

Meza ya mjazaji

Kiwanda hufyatua risasi nyingi za toleo moja na kujua wastani wake. Mjazaji wa nyumbani hutengeneza chache, kwa hiyo kila tofauti ndogo hujitokeza kwenye matokeo. Chombo chake cha kwanza ni kronografu, kifaa kinachopima kasi ya kichwa muda mfupi baada ya kutoka mtutuni. Bila hicho hakuna anachojua, kwani kitabu cha vipimo hueleza kasi iliyopatikana kwa mtutu wa maabara, ambao mara nyingi ni mrefu kuliko wa bastola ya kiunoni. Mtutu ukipungua sentimita 2.5, kasi ya risasi ya milimita 9 kwa kawaida hushuka kwa takribani mita 8 hadi 15 kwa sekunde. Kichwa kinachochanua vyema kwenye bastola ya kazini kinaweza kukataa kuchanua kwenye bastola ndogo ya mfukoni.

Baruti hupimwa kwa greni, na mizani nzuri hutofautisha sehemu moja ya kumi ya greni, yaani miligramu 6.5. Kwenye ganda dogo la bastola, kiasi hicho kidogo huonekana kwenye kasi. Kina cha kupachika kichwa nacho ni kipimo: kikisukumwa ndani kupita kiasi, nafasi ya baruti hupungua na shinikizo la mlipuko hupanda. Kwa risasi ya milimita 9, kiwango cha juu cha Marekani ni karibu megapaskali 241, na kwa .38 Special ya kawaida ni karibu 117. Hapo ndipo hatari kubwa ya kazi hii ilipo. Mtu akiona kichwa hakikuchanua, hushawishika kuongeza baruti. Kipimo cha juu kilichochapishwa kitabuni ni mwisho wa njia, na kukivuka kunaweza kupasua bastola mkononi. Dawa ya kichwa kisichochanua ni kichwa kingine, kilichotengenezwa kwa kasi ndogo.

Mfano mzuri ni bastola fupi ya .38 Special. Kasi yake ni ndogo, na vichwa vingi vyenye koti la shaba havifunguki vizuri humo. Risasi ambayo FBI iliichukua mwaka 1972 kwa bastola hizo ilikuwa na kichwa cha gramu 10.2 cha risasi tupu laini, bila koti, chenye ncha bapa na shimo. Ulaini wa madini ndio uliofanya kazi ambayo kasi haikuweza kuifanya. Wajazaji wanaosubu vichwa vyao wenyewe hufuata kanuni hiyo kwa kuchanganya risasi na bati kidogo ili kichwa kichanue bila kuvunjika. Antimoni hukifanya kiwe kigumu, na ikizidi hukifanya kipasuke badala ya kutanuka.

Maji, karatasi na udongo

Si kila mtu ana jokofu la kuweka kilo tisa za jelatini. Kibadala kinachotumika zaidi ni madumu ya plastiki ya maji yaliyopangwa mstari mmoja. Kwa suala la kuchanua, maji ni kipimo cha kuheshimika, kwa kuwa densiti yake inakaribiana na ya jelatini na shinikizo kwenye ncha ya kichwa huwa karibu sawa. Mhandisi Duncan MacPherson, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu kupenya kwa risasi, alieleza kwa hesabu jinsi maji yanavyoweza kutumika kwa kazi hiyo. Kwa suala la kina, maji hudanganya. Hayana uimara wa kushikilia kichwa kilichopunguza mwendo, kwa hiyo kichwa huenda mbali zaidi, kwa makadirio mara moja na nusu hadi mara mbili ya kina cha jelatini. Jinzi huweza kutundikwa mbele ya dumu la kwanza na kulifanya jaribio liwe kali zaidi.

Magazeti yaliyolowekwa hukamata kichwa bila kukipoteza, lakini ugumu wake hutegemea muda wa kuloweka na jinsi yalivyobanwa. Rundo la leo si rundo la kesho. Udongo wa mfinyanzi ni mbaya zaidi, kwa kuwa haurudi ulipokuwa: hubaki na pango kubwa linalotisha, ambalo mwilini lingefunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde na kujifunga. Picha za mapango hayo zimeuza risasi nyingi na kufundisha machache.

Popote jaribio linapofanyika, nyuma ya bonge au madumu huhitajika kinga ya udongo mnene, kwa sababu kichwa kilichozibwa hutoka upande wa pili kikiwa bado na nguvu ya kuua. Miwani na kinga za masikio ni lazima, kwa kuwa vipande vya koti la shaba vinaweza kurudi nyuma.

Kusoma matokeo

Kwa kila risasi huandikwa kasi, kina cha ncha ya kichwa kilipokoma, upana na uzito. Upana hupimwa mahali papana zaidi na pembamba zaidi, kisha huchukuliwa wastani, maana petali hazifunguki sawasawa. Uzito wa kichwa kilichookolewa hulinganishwa na wa mwanzo. Kichwa cha gramu 8 kinachorudi na gramu 5 kimepoteza vipande njiani, na mara nyingi kina chake kitakuwa kifupi. Watengenezaji wengi sasa huunganisha koti na risasi ya ndani kwa kemikali au umeme, ili visiachane.

FBI hufyatua risasi tano kwa kila kizuizi. Mjazaji asikubali chini ya hizo. Kichwa kimoja kilichochanua vizuri, kilichopigwa picha na kuwekwa juu ya meza, ni tukio moja. Risasi tano zenye kina cha sentimita 33 hadi 38 ni ushahidi. Risasi tano ambazo tatu zimefika sentimita 35 na mbili zimetoboa bonge zima zimeonyesha kwamba kitambaa kinaziba shimo, hata wastani ukipendeza. Kinachotafutwa ni matokeo yanayokaribiana, na mabaya zaidi kati yake ndiyo yanayostahili kuaminiwa. Fataki mpya, toleo jipya la baruti au kichwa kutoka boksi jingine hudai jaribio lianze upya.

Sheria na mipaka ya jaribio

Nchini Marekani, kujaza risasi kwa matumizi binafsi hakuhitaji leseni ya serikali kuu. Kuzitengeneza ili kuziuza kunahitaji. Majimbo yana kanuni zake. New Jersey, kwa mfano, huzuia kubeba risasi zenye ncha tundu nje ya mazingira maalumu. Nchini Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, na mwenye bastola ya leseni hutumia risasi za kiwandani zilizohesabiwa.

Hata Marekani, wanasheria wengi hushauri kwamba risasi ya kujaza itumike mazoezini na ya kiwandani kwenye bastola ya kujilinda. Sababu yake ni ushahidi. Baada ya tukio, wachunguzi hukadiria umbali wa mfyatuaji kwa mabaki ya baruti kwenye nguo, wakifyatua risasi ya aina ileile maabara. Risasi ya kiwandani hupatikana dukani. Risasi ya nyumbani imetengenezwa na mtuhumiwa mwenyewe, na mahakama inaweza kukataa kumbukumbu zake. Tatizo hilo lilijitokeza katika kesi ya kifo kilichotokea New Jersey mwaka 1989.

Jelatini haina mfupa, ngozi wala pafu, na haiogopi. Haielezi mtu fulani atafanya nini akipigwa. Inaeleza jambo dogo zaidi, lakini la uhakika: kwamba risasi hii, kwa mtutu huu na kasi hii, ikipita kwenye nguo hizi, huchanua kwa upana fulani na kufika kina fulani, na kwamba hufanya hivyo kila mara. Mahali risasi inapogonga bado panategemea mkono na jicho la aliyeifyatua.